Bodi Haijafa: Kusasisha na Kuokoa BIOS ya Kompyuta ya Mezani

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa ufundi mliokuja na madaftari yenu, nawasalimu.

Kompyuta ya mezani ikisasishwa BIOS, yaani programu inayoiamsha inapowashwa, kisha ikagoma kuwaka, hukumu inayotoka kwenye meza nyingi za ufundi ni fupi mno: bodi imekufa, tafuta nyingine. Mteja anakubali kwa sababu hana namna ya kubisha. Analipa, na bodi ambayo saketi zake zote ni nzima inatupwa pamoja na vyuma chakavu. Nimesimama hapa kulipinga jambo hilo. Mara nyingi kilichoharibika ni maandishi yaliyomo ndani ya chipu moja yenye miguu minane, na maandishi huandikwa upya. Anayeumia zaidi ni mwenye steshenari au shule iliyonunua OptiPlex ya Dell, EliteDesk ya HP au ThinkCentre ya Lenovo iliyokwisha kutumika ng'ambo. Mashine hizo ndizo riziki ya watu, na bodi yake mbadala si rahisi kuipata.

Tuanze na chipu yenyewe. Programu dhibiti, ambayo wote tunaiita BIOS ingawa kwa miaka mingi sasa imekuwa UEFI, mrithi wake wa kisasa, haikai kwenye diski. Inakaa kwenye chipu ya kumbukumbu iliyochomelewa juu ya bodi, au kwenye bodi chache, hasa za zamani kidogo, imepachikwa kwenye soketi na unaichomoa kwa vidole. Imulike kwa tochi ya simu. Utaona maandishi kama W25Q64 au W25Q128, W ikiwa ya Winbond. Za Macronix huanza na MX25, za GigaDevice na GD25. Kwa Winbond na GigaDevice namba ya mwisho ni ukubwa kwa megabiti: igawe kwa 8 upate megabaiti. Kwa hiyo 64 ni MB 8, 128 ni MB 16, 256 ni MB 32. Hesabu hiyo ishikeni, tutaihitaji.

Ndani ya chipu hiyo BIOS haikai peke yake. Kwenye bodi za Intel chipu imegawanywa maeneo. Mwanzoni kuna ramani inayoeleza kila eneo linaanzia wapi na kuishia wapi. Kuna eneo la Management Engine, ME kwa kifupi, ambalo ni programu ya kidhibiti kidogo kinachoamka kabla ya prosesa kuu. Bodi yenye mtandao wa Intel ina eneo dogo linalotunza anwani ya MAC, yaani utambulisho wa kompyuta kwenye mtandao. Kisha ndiyo BIOS, na humo tena kuna namba ya utambulisho ya mashine, mipangilio ya mwenyewe, na kwa kompyuta za kiwandani zilizouzwa na Windows 8 au matoleo ya baadaye, ufunguo wa leseni ya Windows. Kwa hiyo chipu mbili za bodi za aina moja hazifanani kamwe yaliyomo. Fundi asiyelijua hili ataiwasha mashine ya mteja na kumrudishia ikiwa imepoteza namba yake, leseni yake na anwani yake ya mtandao.

Kwamba maandishi yanaweza kufutika na bodi ikabaki nzima, dunia ililiona kwa ukubwa tarehe 26 Aprili 1999. Siku hiyo kirusi cha CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan aitwaye Chen Ing-hau, kiliamka kwenye kompyuta zilizoambukizwa, kikaharibu data za diski, na kwenye bodi zilizoruhusu kikaandika takataka juu ya BIOS. Mashine ziliwashwa zikabaki giza. Zilizopatiwa chipu yenye maandishi sahihi ziliamka. Kanuni haijabadilika tangu wakati huo, isipokuwa vifaa vya kuifanyia kazi vimekuwa rahisi zaidi.

Sasa, lini usasishe? Msimamo wangu ni huu: kompyuta inayofanya kazi vizuri haisasishwi BIOS kwa sababu tu kuna toleo jipya. Inasasishwa pakiwa na sababu unayoweza kuitaja. Sababu zipo, tena nzito. Prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa na kasoro ya kuomba volti iliyozidi, na prosesa ikachakaa taratibu hadi programu zikaanza kuanguka ovyo. Dawa ilikuja ndani ya BIOS kama maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa. Ya Septemba 2024 inaitwa 0x12B, na mwaka 2025 ikafuata 0x12F. Ukikuta mashine ya namba hizo yenye BIOS ya mwaka 2023, isasishe, lakini mweleze mteja kwamba maikrokodi inazuia uharibifu na hairudishi prosesa iliyokwisha kuchakaa. Upande wa AMD, mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 zenye herufi X3D ziliungua kwenye bodi za AM5 (aina ya soketi ya prosesa za AMD), na matoleo mapya ya BIOS yakaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye volti ya SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM. Hapo hakuna mjadala, unasasisha.

Sababu nyingine ni prosesa mpya kwenye bodi ya zamani, jambo la kawaida sana kwenye AM4, soketi iliyotangulia AM5. Nyingine ni usalama: Desemba 2023 watafiti wa Binarly walionyesha udhaifu walioupa jina LogoFAIL, ambapo picha ya nembo inayoonekana kompyuta ikiwaka inaweza kubeba msimbo wa mshambuliaji, na watengenezaji wengi wakatoa marekebisho. Kisha kuna vyeti vya Secure Boot, ulinzi unaokagua saini ya programu zinazoiamsha kompyuta, vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo muda wake unaanza kuisha Juni 2026. Windows ina njia yake ya kuviweka vya 2023, lakini kuna mashine ambazo hazivipokei sawasawa mpaka BIOS isasishwe kwanza.

Ukishakuwa na sababu, kazi ya kwanza ni kujua kwa uhakika ulicho nacho mbele yako. Jina lililo kwenye kasha halitoshi, kwani kasha hubadilishwa. Kwenye Windows fungua msinfo32 usome mistari ya BIOS na BaseBoard, au andika Get-CimInstance Win32_BaseBoard kwenye PowerShell, halafu Get-CimInstance Win32_BIOS. Kwenye Linux ni sudo dmidecode -s baseboard-product-name na sudo dmidecode -s bios-version. Kisha fungua kasha ulinganishe na maandishi yaliyochapwa kwenye bodi. Kwa bodi za Gigabyte tazama namba ya rev, yaani toleo la bodi, kwa kuwa bodi ya jina moja yenye rev 1.0 na ile yenye rev 2.0 zinaweza kuwa na faili tofauti kabisa. Kwa bodi za ASUS na MSI neno moja la ziada kwenye jina, kama PLUS, PRO au WIFI, linaweza kumaanisha bodi nyingine.

Faili ipakuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi au wa kompyuta, si kwingine. Soma maelezo ya kila toleo kati ya lile ulilo nalo na lile unalolitaka. Yapo matoleo yanayodai kupitia toleo la kati kwanza, na yapo yasiyokuruhusu kurudi nyuma ukishayaweka. Hilo la pili ni muhimu kwa anayebahatisha. Tovuti ikitoa alama ya SHA256, inayothibitisha kwamba faili ni kamili, ihakiki: kwenye Windows ni certutil -hashfile likifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, kwenye Linux ni sha256sum. Intaneti inayokatikakatika inaweza kukuachia faili pungufu yenye jina lilelile.

Kabla ya kuandika chochote, ingia kwenye BIOS upige picha kwa simu kila ukurasa wa mipangilio. Ukurasa unaoleta kilio ni wa SATA, yaani namna bodi inavyozungumza na diski; RAID On na AHCI ni machaguo yake. Kompyuta nyingi za Dell zimetoka kiwandani zikiwa kwenye RAID On. Nyingine fundi aliyeweka Windows upya aliihamishia kwenye AHCI. Usasishaji ukirudisha mipangilio ya awali, Windows inaanguka kwenye skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE, na fundi mwenye haraka anafomati diski ya mteja, kumbe kilichotakiwa ni kurudisha chaguo moja. Vivyo hivyo kwa Legacy, yaani njia ya zamani ya kuwaka, na UEFI: Windows iliyowekwa kwa Legacy haitaonekana BIOS ikirudi kwenye UEFI tupu.

Kuna pia BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo. Windows 10 na 11 huweza kuwa zimefunga diski bila mwenyewe kujua, hasa aliyeingia kwa akaunti ya Microsoft. BIOS ikibadilika, TPM, kifaa cha usalama kinachotunza funguo, inaona kompyuta si ileile na Windows inadai ufunguo wa tarakimu 48. Angalia kwanza kwa manage-bde -status. Ikiwa diski imefungwa, hakikisha mteja anao ufunguo huo mkononi, kisha sitisha ulinzi kwa manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0. Sifuri ya mwisho inamaanisha ulinzi usirudi mpaka uurudishe mwenyewe. Bila hiyo unarudi baada ya kuwasha upya mara moja, na usasishaji wa BIOS mara nyingi huwasha upya zaidi ya mara moja. Kwenye bodi za AMD zenye fTPM, ambayo ni TPM inayoishi ndani ya programu dhibiti, usasishaji unaweza kufuta funguo zote, na bodi nyingi zitakuuliza kama zifutwe. Usibonyeze Y ukiwa huna tarakimu hizo 48.

Umeme. Hapa Afrika Mashariki hili ndilo linaloua BIOS kuliko mengine, na ndilo linalozuilika kwa urahisi zaidi. Kuandika chipu huchukua kati ya dakika 2 na 10. Kompyuta ya ofisi katika kazi hiyo haili umeme mwingi, kwa kawaida chini ya wati 100, hivyo UPS ya VA 650 yenye betri nzima ya volti 12 na Ah 7 inatosha. Mkazo uko kwenye neno nzima. Betri hizo za asidi hazidumu milele, na UPS inaweza kuwasha taa ya kijani huku betri yake haishiki hata sekunde 20. Basi ijaribu kabla: iunganishe na kompyuta hiyohiyo, chomoa UPS ukutani, acha kompyuta iende dakika 5. Ikizimika, umeipata kasoro bila hasara. Jaribio hilo linakuonyesha pia tatizo jingine lisilotarajiwa na wengi: UPS za bei nafuu hutoa wimbi la umeme lenye pembe, na baadhi ya pawa sapulai zenye PFC amilifu, saketi ya kunyoosha matumizi ya umeme, hazilipokei, hivyo zinazimika papo hapo UPS inapobadili kwenda kwenye betri. Kama ni siku ya mgao, usianze. Jenereta peke yake bila UPS katikati haitoshi, maana ikikohoa mara moja tu kazi imeharibika.

Njia ya kusasisha ninayoipendekeza ni kutoka ndani ya BIOS yenyewe. ASUS wanaiita EZ Flash, MSI ni M-Flash, Gigabyte ni Q-Flash, ASRock ni Instant Flash. Kwenye Dell nyingi unabonyeza F12 wakati wa kuwaka kisha unachagua BIOS Flash Update. Kwenye HP unaingia F10. Flashi ya USB iwe na fomati ya FAT32, GB 32 au chini ya hapo, na uichomeke moja kwa moja kwenye tundu la nyuma, kwa kuwa matundu ya mbele yanapita kwenye waya ambao mara nyingi umelegea. Chomoa diski za nje, printa na kila kisichohitajika. Rudisha prosesa na RAM kwenye kasi ya kawaida kabla ya kuanza: XMP au EXPO, mipangilio ya kuiongezea RAM kasi, isiyo thabiti ikikosea biti moja kwenye faili wakati inasomwa, kosa hilo linaweza kuandikwa kwenye chipu.

Kusasisha ndani ya Windows kunawezekana, na kwa Dell, HP na Lenovo za miaka ya karibuni si hatari kama zamani, kwa sababu mara nyingi Windows inaiweka faili tayari tu na kuandika kunafanyika baada ya kuwasha upya. Kwenye Linux programu ya fwupd inafanya vivyo hivyo kwa fwupdmgr refresh, fwupdmgr get-updates na fwupdmgr update, mradi kampuni iwe imepeleka faili zake huko. Programu za zamani zinazoandika chipu moja kwa moja Windows ikiwa inaenda, hizo ziacheni. Antivairasi au skrini ya bluu katikati ya kazi ni sawa na umeme kukatika.

Kazi ikishaanza, mikono mbali. Skrini inaweza kuwa nyeusi, feni zikavuma kwa nguvu zote, mashine ikajizima na kujiwasha mara mbili au tatu. Yote hayo ni ya kawaida. Kwenye bodi za RAM ya DDR5, hasa AM5, baada ya kusasishwa kompyuta inajifunza RAM upya na inaweza kukaa giza dakika kadhaa. Watu wengi wameua BIOS nzima kwa kukata umeme katika dakika hizo. Subiri dakika 15 kwa saa ya ukutani kabla ya kusema imekwama.

Dakika 15 zikipita na kuna giza, usikimbilie chipu. Bonyeza Caps Lock: taa ya kibodi ikiwaka na kuzima, programu dhibiti inafanya kazi na tatizo liko kwenye onyesho, labda waya umechomekwa kwenye bodi badala ya kadi ya picha. Taa isipoitika, zima, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe, acha dakika 5. Pima betri kwa multimita: mpya ina volti 3 na kidogo, na ikiwa chini ya 2.7 ibadilishe. Futa mipangilio kwa jampa, kiunganishi kidogo cha pini, ya Clear CMOS. Rudisha kipande kimoja tu cha RAM kwenye tundu ambalo kitabu cha bodi kinalitaja la kwanza. Hapo baadhi ya bodi "zilizokufa" zinaamka bila kazi nyingine yoyote.

Bado giza? Kuna mlango wa uokoaji ambao mtengenezaji aliuacha. Kompyuta za HP za miaka ya karibuni: kwenye mashine nyingine endesha faili ya BIOS kutoka HP, chagua kutengeneza flashi ya uokoaji, ichomeke kwenye mashine iliyolala, tumia kibodi ya waya, shikilia kitufe cha Windows pamoja na B, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 2 hadi 3 ukiachie huku ukiendelea kushikilia vile viwili mpaka usikie mlio au uone skrini ya uokoaji. B isipoitika, jaribu V. Kwa Dell nyingi za kuanzia karibu mwaka 2015, faili iliyopakuliwa inabadilishwa jina kuwa BIOS_IMG.rcv na kuwekwa mwanzo wa flashi, nje ya folda yoyote. Unashikilia Ctrl na Esc huku ukiwasha mpaka ukurasa wa BIOS Recovery utokee. ThinkCentre nyingi zina jampa yenye pini tatu: unaihamisha kutoka 1 na 2 kwenda 2 na 3, unaweka flashi ya uokoaji, unawasha, unasubiri, kisha unairudisha mahali pake. Kitabu cha modeli husika ndicho cha kufuata hapo, kwani vifungo na taa za tahadhari hutofautiana kati ya modeli na modeli.

Baadhi ya bodi za kununua peke yake zina kitufe kidogo nyuma, na hiki ndicho kipaji kikubwa ambacho mafundi wengi hawakigusi. Kinaandika chipu bila prosesa, bila RAM, bila kadi ya picha. Kinachohitajika ni pawa sapulai, waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, na flashi kwenye tundu la USB lililowekewa alama. Jina la faili lazima liwe lile bodi inalolitafuta: MSI.ROM kwa MSI, GIGABYTE.bin kwa Gigabyte, CREATIVE.ROM kwa ASRock. ASUS kila bodi ina jina lake, na ndani ya faili waliyokupa kuna programu ndogo ya BIOSRenamer inayoliweka. Hakikisheni Windows haifichi viambishi vya mwisho wa majina ya faili, la sivyo mtaandika MSI.ROM kumbe faili ni MSI.ROM.rom. Kwa ASUS shikilia kitufe sekunde 3 mpaka taa ipepese mara tatu, na ikizimika yenyewe baada ya dakika kadhaa kazi imekwisha. Taa ikipepesa sekunde chache kisha ikaganda, haikuipenda faili au flashi. Badilisha flashi kwanza. Zile za zamani za USB 2.0 zinakubalika zaidi.

Milango hiyo ikifungwa yote, tunafika kwenye kazi ninayotaka kila fundi aliyeketi hapa aiweze: kusoma na kuandika chipu kwa mkono. Vifaa ni kifaa cha kuandikia chipu, maarufu CH341A, klipu ya miguu minane, adapta ya volti 1.8, na kompyuta yenye flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu.

Volti kwanza. Chipu za W25Q zenye FV mwishoni, za MX25L na za GD25Q hutumia volti 3.3. Zenye FW au JW, za MX25U na za GD25LQ ni za volti 1.8, na ukizipa 3.3 unaweza kuziua kweli. Zinapatikana kwenye bodi nyingi za AM4 na za karibuni. Tafuta karatasi ya chipu kwa namba kamili kabla ya kugusa. Tena, CH341A nyeusi ile ya bei nafuu ina kasoro ya ubunifu: inaipa chipu volti 3.3 kwenye mguu wa 8, lakini miguu ya data inapata volti 5. Ipimeni kwa multimita. Ipo njia ya kuirekebisha kwa kuchomelea, na zipo zenye swichi ya volti zisizo na kasoro hiyo.

Chomoa waya wa umeme na betri ya saa, bonyeza kitufe cha kuwashia umeme uishe. Mguu wa 1 una nukta au kishimo kwenye chipu, na waya mwekundu wa klipu uende hapo. Bana klipu kabla ya kuchomeka USB, kamwe si baada. Kisha soma: flashrom -p ch341a_spi -r soma1.bin. Ondoa klipu, ibane upya, soma tena kwa jina soma2.bin, ulinganishe mbili hizo kwa sha256sum. Zikilingana una nakala ya kweli. Zisipolingana, au faili ikiwa imejaa FF au 00 tupu, klipu haijagusa vizuri: safisha miguu kwa spiriti na brashi. Zikiendelea kukataa, inawezekana bodi yenyewe inanyonya umeme wa kifaa chako kupitia mguu wa 8, na hapo chipu inatolewa kwa hewa ya moto na kusomewa kwenye soketi. Usiandike chochote kabla ya kupata soma mbili zinazolingana. Nakala hiyo, hata kama ina maandishi yaliyovurugika, ndiyo pekee duniani yenye namba, MAC na leseni ya mashine hiyo.

Sasa faili ya kuandika. Ile ya mtengenezaji mara nyingi si picha kamili ya chipu. Chipu ya MB 16 inataka baiti 16,777,216 kamili, ya MB 8 inataka 8,388,608. Faili ya ASUS yenye mwisho .CAP huwa na kichwa cha ziada, mara nyingi baiti 2048, kinachopaswa kukatwa. Fungua faili hiyo na soma1.bin kwa UEFITool, programu ya kuchambua yaliyomo kwenye faili za BIOS. Ikiwa ya mtengenezaji ina eneo la BIOS tu, toa eneo hilo, uliweke mahali pa lile bovu ndani ya nakala yako, ukiacha ramani, ME na eneo la mtandao kama yalivyokuwa. Namba ya mashine na leseni huwa ndani ya eneo la BIOS, hivyo zitafute kwenye nakala ya zamani uzihamishe. Halafu andika: flashrom -p ch341a_spi -w mpya.bin. Programu itasoma tena na kuhakiki yenyewe, na isiposema VERIFIED kazi haijakamilika.

Wengi hukwepa hatua hiyo kwa kupakua picha ya chipu ya mashine nyingine ya aina ileile. Itawaka, na ndiyo maana inadanganya. Lakini umeleta MAC ya mtu mwingine, na kompyuta mbili zenye MAC moja kwenye ofisi moja zitagombana mtandaoni. Umeleta namba ya mashine nyingine, pengine hata nenosiri la BIOS la kampuni usiyoijua, na hujui nani aliigusa faili hiyo kabla yako. ME iliyofungamana na bodi nyingine inaweza kuleta feni zinazovuma muda wote, kuwaka kwa kuchelewa, au kompyuta kujizima kila baada ya dakika 30. Dakika 30 kamili ni dalili ya ME, si ya joto wala ya pawa sapulai. Na bodi zenye Boot Guard ya Intel hukagua saini ya BIOS, hivyo ukibadilisha hata baiti moja ndani ya sehemu iliyosainiwa mashine haitawaka kabisa.

Kompyuta ikiamka, pakia mipangilio ya awali, kisha rudisha ya mteja kwa zile picha za simu, ukianza na SATA. Weka saa na tarehe, maana tarehe ya nyuma inafanya vyeti vya tovuti vikatae. Linganisha namba ya mashine na stika ya kasha, na MAC kwa ipconfig /all. Angalia kama Windows bado ina leseni. Iache iende dakika 45 bila kuzimika ili kuiondoa shaka ya ME. Rudisha BitLocker kwa manage-bde -protectors -enable C:, uwashe upya mara mbili kuona kama haidai ufunguo. Nakala ya chipu, ile ya kwanza na ile iliyofanya kazi, zipe jina lenye namba ya mashine na uzihifadhi sehemu mbili. Mteja mpe moja kwenye flashi, pamoja na karatasi yenye toleo la BIOS lililomo na tarehe. Fundi atakayeifungua baada yako ataanzia hapo.

Asanteni. Wenye bodi zenu hapa, njooni mbele nazo, tuanze kwa kusoma namba za chipu.